Mjadala kuhusu warithi wa Freddie Mercury katika bendi ya Queen

Mjadala kuhusu warithi wa Freddie Mercury ni ubishi wa muda mrefu kati ya wapenzi wa Queen, bendi ya muziki wa rock kutoka Uingereza, juu ya nani anayestahili kuimba nyimbo za bendi hiyo baada ya kifo cha mwimbaji wake kiongozi, au kama yupo anayestahili. Mercury, aliyezaliwa Zanzibar, alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Tangu hapo wenzake wawili, mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor, wamepanda jukwaani na waimbaji mbalimbali. Wawili kati ya hao walidumu kwa miaka: Paul Rodgers, aliyeanza mwishoni mwa 2004 na kuondoka 2009, na Adam Lambert, aliyeanza kuimba nao kwa mfululizo tangu 2011.

Kwa nje, ubishi huu ni wa sauti: nani anafika juu, nani hafiki. Kwa ndani unabeba maswali matatu mazito zaidi. Kwanza, bendi ni nini hasa: ni watu wake, ni jina lake, au ni nyimbo zake? Pili, nani mwenye haki ya kuendeleza kazi ambayo marehemu alishiriki kuijenga? Tatu, anayekalia kiti cha marehemu aimbe kama yeye, au aimbe kwa namna yake mwenyewe?

Usuli: watu wanne, watunzi wanne

Queen ilianzishwa mjini London mwaka 1970. Kabla yake kulikuwa na bendi ndogo iliyoitwa Smile, ambamo May alipiga gitaa, Taylor alipiga ngoma, na Tim Staffell aliimba huku akipiga gitaa la besi. Staffell alipojitoa, nafasi ya kuimba ilichukuliwa na rafiki yake waliyesoma naye katika chuo cha sanaa cha Ealing. Kijana huyo aliitwa Farrokh Bulsara, lakini wenzake walimwita Freddie. Ndiye aliyependekeza jina la Queen, maana yake Malkia, na ndiye aliyejichagulia jina la Mercury. Kwa hiyo mtu ambaye leo wengi humhesabu kuwa hana mbadala aliingia mwenyewe kwa kushika nafasi iliyoachwa na mwingine. Mpiga besi naye hakupatikana mara moja. Walipita wengine kabla John Deacon hajajiunga mwaka 1971. Kuanzia hapo bendi haikubadilisha mtu hata mmoja kwa miaka 20.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba wote wanne walikuwa watunzi, na kila mmoja alitunga nyimbo zilizovuma. Mercury alitunga "Bohemian Rhapsody", "Killer Queen", "Somebody to Love", "We Are the Champions" na "Don't Stop Me Now". May alitunga "We Will Rock You", "Fat Bottomed Girls" na "Who Wants to Live Forever". Taylor alitunga "Radio Ga Ga" na "A Kind of Magic". Deacon, aliyekuwa mkimya kuliko wote, alitunga "You're My Best Friend", "Another One Bites the Dust" na "I Want to Break Free". Wasikilizaji wengi hudhani nyimbo hizi zote ni za Mercury kwa sababu sauti iliyozifikisha masikioni mwao ilikuwa yake.

Jukwaani hakuna aliyebisha kwamba yeye ndiye aliyeongoza. Mfano unaotajwa zaidi ni tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985 katika Uwanja wa Wembley, lililokusanya fedha kwa ajili ya waliokumbwa na njaa nchini Ethiopia. Queen walipewa takriban dakika 20 tu. Mercury alitoa sauti ndefu bila maneno, umati ukaitikia, akaongeza, ukaitikia tena. Picha za siku hiyo ndizo kipimo ambacho kila aliyekuja baada yake amepimwa nacho. Onyesho lake la mwisho na Queen lilifanyika Knebworth, Uingereza, tarehe 9 Agosti 1986.

Kifo cha Mercury na miaka iliyofuata (1991–2003)

Tarehe 23 Novemba 1991 Mercury alitoa tangazo kwamba ana UKIMWI. Alifariki siku iliyofuata kwa nimonia iliyotokana na ugonjwa huo, akiwa na umri wa miaka 45. Tarehe 20 Aprili 1992 wenzake watatu walifanya tamasha la kumkumbuka katika Uwanja wa Wembley, na mapato yake yakaelekezwa katika kupambana na UKIMWI kupitia mfuko wa Mercury Phoenix Trust. Siku hiyo nyimbo za Queen ziliimbwa na watu wengi, wakiwemo Elton John, David Bowie, Annie Lennox, Robert Plant, Axl Rose, Liza Minnelli na George Michael.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza. George Michael aliimba "Somebody to Love" kwa namna iliyowafanya mashabiki wengi waseme kwamba mrithi amepatikana. Rekodi za maonyesho yake ya siku hiyo ziliwekwa katika santuri ya "Five Live" ya mwaka 1993, iliyoshika nafasi ya kwanza Uingereza. Hata hivyo hakujiunga na bendi. Mpaka leo wapo wanaosema yeye ndiye pekee ambaye angekubalika na pande zote, na wapo wanaojibu kwamba alipendwa kwa sababu aliimba siku moja tu, tena siku ya maombolezo.

Mwaka 1995 ilitoka albamu ya "Made in Heaven", iliyojengwa juu ya sauti ambazo Mercury alikuwa ameziacha. Katika wimbo wake wa "Mother Love", uliorekodiwa mjini Montreux, Uswisi, miezi michache kabla ya kifo chake, Mercury hakuweza kurudi studio kuumalizia. Ubeti wa mwisho uliimbwa na May. Kwa maana hiyo sauti iliyochukua nafasi yake katika rekodi hiyo ya Queen ilikuwa ya mwenzake wa tangu mwanzo, ndani ya wimbo uleule.

Mwaka 1997 Deacon alipiga na wenzake mara za mwisho, kisha akastaafu muziki. Hajarudi jukwaani tangu wakati huo. May na Taylor waliendelea kushirikiana na wageni. Mwaka 2000 walirekodi upya "We Will Rock You" pamoja na kundi la vijana la Five, na mwaka 2001 "We Are the Champions" pamoja na Robbie Williams. Deacon hakushiriki katika rekodi hiyo ya pili, na alinukuliwa na gazeti akisema wazi kwamba hakuipenda. Maneno yake hutajwa mara kwa mara na wapinzani, kwa kuwa yalitoka kwa mmoja wa wanne.

Paul Rodgers (2004–2009)

Paul Rodgers alizaliwa Middlesbrough, Uingereza, tarehe 17 Desemba 1949. Alikuwa tayari na jina kubwa kama mwimbaji wa bendi mbili, Free na Bad Company. Mwaka 2004 alipiga na May katika onyesho la kuadhimisha miaka 50 ya gitaa aina ya Fender Stratocaster, na muda mfupi baadaye wakaimba pamoja na Taylor kwenye hafla ya kuenzi wanamuziki nchini Uingereza. Ushirikiano ulitangazwa kwa jina la Queen + Paul Rodgers, na ziara ikaanza mwaka 2005.

Sauti ya Rodgers ni nzito na yenye mkwaruzo, iliyokulia katika bluu. Haifanani na ya Mercury hata kidogo, na hilo lilifanywa kwa makusudi: wenye bendi hawakutaka mtu wa kuiga. Katika maonyesho aliimba nyimbo za Queen pamoja na zake za zamani kama "All Right Now". Katika "Bohemian Rhapsody" sauti na picha ya Mercury zilirushwa kwenye skrini kubwa, na Rodgers akaingia sehemu ya mwisho tu.

Tarehe 12 Septemba 2008 walipiga katika Uwanja wa Uhuru mjini Kharkiv, Ukraine, mbele ya umati wa mamia ya maelfu ya watu, kwa ajili ya kampeni dhidi ya UKIMWI. Mwezi huohuo ilitoka albamu yao ya studio, "The Cosmos Rocks". Ndiyo albamu pekee ya nyimbo mpya iliyobeba jina la Queen bila sauti ya Mercury wala besi ya Deacon. Ilifika nafasi ya tano Uingereza, lakini haikudumu katika chati, na wahakiki wengi hawakuisifu. Mwaka 2009 pande mbili ziliachana kwa amani.

Wapenzi waligawanyika. Waliomkubali Rodgers walisema ni heri mwimbaji mkubwa anayeimba kwa sauti yake kuliko kivuli cha marehemu. Waliomkataa walisema nyimbo za Queen zina mzaha, madoido na mapambo ya tamthilia, na sauti ya bluu ilizifanya zote zisikike kama nyimbo za Bad Company.

Adam Lambert (tangu 2011)

Adam Lambert alizaliwa Indianapolis, Marekani, tarehe 29 Januari 1982, na kukulia San Diego. Kabla ya kujulikana alifanya kazi katika michezo ya kuigiza yenye muziki. Mwaka 2009 alishiriki shindano la televisheni la American Idol. Katika usaili aliimba sehemu ya "Bohemian Rhapsody", na usiku wa fainali yeye na mshindani wake Kris Allen waliimba "We Are the Champions" wakisindikizwa na May na Taylor. Lambert alimaliza wa pili.

Mwezi Novemba 2011 aliimba na Queen mjini Belfast kwenye tuzo za MTV za Ulaya. Onyesho lao kamili la kwanza lilifanyika Kyiv, Ukraine, tarehe 30 Juni 2012, na ziara kubwa zikafuata kuanzia 2014. Tarehe 16 Februari 2020, mjini Sydney, walirudia orodha ya nyimbo za Live Aid katika tamasha la kuchangia waliopatwa na mioto ya misitu nchini Australia. Albamu yao ya maonyesho, "Live Around the World", ilishika nafasi ya kwanza Uingereza mwezi Oktoba 2020. Tarehe 4 Juni 2022 walifungua tamasha la miaka 70 ya utawala wa Malkia Elizabeth II mbele ya Kasri la Buckingham.

Lambert ana sauti ya juu yenye wepesi, inayofika noti ambazo Rodgers hakuzitafuta. Mavazi yake, vichekesho vyake na namna anavyozungumza na umati viko karibu na tamthilia kuliko bluu. Amekuwa na desturi ya kuwaambia watazamaji mapema kwamba Freddie Mercury ni mmoja tu, na kwamba yeye ni shabiki kama wao. Katika "Love of My Life" yeye hushuka jukwaani. May hukaa peke yake na gitaa, umati huimba, na mwishoni picha ya Mercury hutokea kwenye skrini.

Hoja za wanaopinga

Wanaopinga hawasemi kitu kimoja. Hoja zao zinaweza kupangwa katika makundi manne.

Ya kwanza ni hoja ya nafsi. Inasema kwamba wapo waimbaji wanaotumikia wimbo, na wapo ambao wimbo hauwezi kutenganishwa nao. Mercury ni wa kundi la pili: alitunga, alipiga piano, alichora nembo ya bendi, na akaunda namna ya kusimama mbele ya watu. Kumwondoa na kubakiza nyimbo ni kubakiza gamba.

Ya pili ni hoja ya jina. Kundi hili halikatai May na Taylor kupiga nyimbo zao, ila linataka wapige kwa majina yao wenyewe. Linasema kwamba bendi ya wanne iliyobakiwa na wawili haiwezi kujiita kwa jina lilelile, na linamtaja Deacon aliyenyamaza kama mfano wa heshima.

Ya tatu ni hoja ya kazi mpya. Bendi hai hutunga. Bendi inayozunguka dunia na nyimbo za miaka 40 iliyopita, hata ikizipiga vizuri namna gani, ni makumbusho yanayotembea. Hapa Rodgers hupata sifa hata kwa wasiompenda, kwa kuwa alithubutu kurekodi albamu mpya, ilhali Queen na Lambert wamebaki jukwaani.

Ya nne ni hoja ya asili ya mwimbaji, nayo humlenga Lambert. Wapo wanaoona kwamba mtu aliyetokea kwenye shindano la televisheni hajapita katika njia ngumu waliyopita wanamuziki wa rock wa zamani. Hoja hii imepungua nguvu kadiri miaka ilivyopita, kwa kuwa muda aliokaa na bendi umekuwa mrefu kuliko wa Rodgers mara mbili na zaidi.

Hoja za wanaounga mkono

Wanaounga mkono huanza na haki ya watunzi. May aliyetunga "We Will Rock You" na Taylor aliyetunga "Radio Ga Ga" hawakufa mwaka 1991. Mercury alipofariki, May alikuwa na miaka 44 na Taylor 42. Kuwataka waache kupiga kazi ya mikono yao kwa sababu mwenzao amefariki ni kuwazika pamoja naye.

Hoja yao ya pili ni ya historia, ambayo imekwisha kutajwa: Mercury mwenyewe alirithi kiti cha Staffell. Wapinzani hujibu kwamba mfano huu haulingani, kwa sababu Smile haikuwa na jina kubwa wala nyimbo zilizojulikana duniani. Jibu hilo lina uzito, lakini linabadilisha swali. Tatizo linakuwa si kurithi kwenyewe, bali ukubwa wa anayerithiwa.

Ya tatu ni hoja ya wasikilizaji. Mtu aliyezaliwa baada ya 1991 hakuwa na nafasi ya kumwona Mercury jukwaani. Kwake yeye, kusikia gitaa la May lenyewe, lile ambalo May alilitengeneza nyumbani pamoja na baba yake, likipiga "Bohemian Rhapsody" ni jambo ambalo santuri haiwezi kumpa. Katika familia nyingi wazazi wamekwenda kwenye maonyesho haya na watoto wao.

Ya nne inatoka katika kazi ya Mercury ya mwisho. Wimbo wa "The Show Must Go On" wa mwaka 1991, ambao jina lake lina maana ya onyesho lazima liendelee, aliuimba akiwa mgonjwa sana. Mashabiki wengi huuchukua kama wosia. Hata hivyo ni vizuri kukumbuka kwamba maneno ya wimbo huo kwa sehemu kubwa yaliandikwa na May, kwa hiyo hauwezi kutumiwa peke yake kama ushahidi wa alichotaka marehemu kuhusu bendi.

Kuiga au kutoiga

Swali la kuiga lilipata sura mpya kupitia Marc Martel, mwimbaji kutoka Kanada ambaye sauti yake inakaribiana mno na ya Mercury. Mwaka 2011 alishinda usaili wa mtandaoni wa Queen Extravaganza, kundi lililoanzishwa na Taylor kwa ajili ya kupiga nyimbo za Queen kwa idhini ya bendi. Mwaka 2018 sauti yake ilitumika, pamoja na rekodi za Mercury mwenyewe, katika filamu ya "Bohemian Rhapsody", iliyompatia Rami Malek tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora.

Mashabiki wengi waliuliza kwa nini asichukuliwe yeye. May na Taylor walibaki na Lambert. Uamuzi huo unaonyesha mpaka waliouweka: aliye kama Mercury anafaa katika kundi la kumbukumbu au katika filamu, ambako watu wanajua kwamba wanaangalia maigizo. Katika bendi yenyewe wanataka mtu ambaye hatamfanya msikilizaji asahau nani ameondoka.

Zipo pia sababu za kiufundi. Sauti za Queen katika santuri zilipangwa kwa tabaka: Mercury, May na Taylor waliimba sehemu moja mara nyingi, kisha rekodi zikawekwa juu ya nyingine hadi zikasikika kama kwaya kubwa. Hilo halikuwezekana jukwaani hata Mercury alipokuwa hai. Sehemu ya katikati ya "Bohemian Rhapsody" ilichezwa kutoka kwenye tepu huku wote wanne wakiwa wametoka, na katika nyimbo nyingine Mercury mara nyingi alikwepa noti za juu ili kutunza sauti. Kwa hiyo anayempima mrithi kwa kumlinganisha na santuri anampima kwa kipimo ambacho Mercury naye hakukitimiza jukwaani.

Jina na alama ya kujumlisha

May na Taylor walijibu hoja ya jina kwa alama ndogo: +. Ilitumika mapema katika mkusanyo wa "Greatest Hits III" wa mwaka 1999, ambao ulikuwa na nyimbo walizoshirikiana na wageni. Baadaye ikawa Queen + Paul Rodgers na Queen + Adam Lambert. Maana yake ni kwamba mwimbaji anasimama kando ya Queen kama mshirika, hahesabiwi kuwa mmoja wa Queen. Wanaounga mkono huiona alama hiyo kuwa njia ya uungwana. Wapinzani husema kwamba katika mazungumzo ya kila siku watu huiacha na kusema Queen tu.

Kisheria hakukuwa na kesi, kwa kuwa Deacon hakupinga matumizi ya jina. Hali ilikuwa tofauti kwa The Doors wa Marekani. Wenzake wawili marehemu Jim Morrison walipoanza kuzunguka na mwimbaji mwingine mwaka 2002 kwa jina linalofanana na la zamani, mpiga ngoma John Densmore aliwashitaki, na mahakama ikawazuia kulitumia.

Kulinganisha na bendi nyingine

Bendi nyingine za rock zilipita njia hiyo kwa matokeo tofauti.

AC/DC ya Australia ilimpoteza Bon Scott mwezi Februari 1980. Katika mwaka huohuo ilimchukua Brian Johnson na kutoa "Back in Black", mojawapo ya albamu zilizouzwa zaidi katika historia. Ubishi ulizimwa na kazi mpya.

Genesis ya Uingereza iliachwa na Peter Gabriel mwaka 1975, na mpiga ngoma wake Phil Collins akachukua nafasi ya kuimba. Wapenzi wa muziki wa awali walinung'unika, lakini wasikilizaji wapya walikuwa wengi zaidi.

Van Halen ya Marekani ilimchukua Sammy Hagar baada ya David Lee Roth kuondoka mwaka 1985. Hapa wote wawili walikuwa hai, na mashabiki waligawanyika katika kambi mbili zinazobishana hadi leo.

Journey ya Marekani ilimchukua Mfilipino Arnel Pineda mwaka 2007, baada ya mpiga gitaa Neal Schon kumwona kwenye video za intaneti. Pineda alichaguliwa kwa kufanana sauti na Steve Perry, yaani kwa kanuni iliyo kinyume cha ile ya Queen.

Led Zeppelin ya Uingereza ilichagua njia ya nne. Mpiga ngoma wake John Bonham alipofariki mwaka 1980, waliobaki walitangaza kwamba hawawezi kuendelea.

Kutokana na mifano hii inaonekana kwamba mrithi hukubalika kwa urahisi zaidi akija mapema, bendi ikiwa bado inatunga. Rodgers alikuja miaka 13 baada ya kifo cha Mercury, na Lambert miaka 20. Walikuta nyimbo zimekwisha kuwa urithi, na urithi hugombewa kuliko kazi inayoendelea.

Mercury na Zanzibar

Mercury alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Uzoroasta wenye asili ya Uhindi. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni ya Uingereza. Freddie alisoma shule ya bweni huko Panchgani, Uhindi, akarudi Zanzibar mwaka 1963, na mwaka uliofuata familia yake ilihamia Uingereza kufuatia Mapinduzi. Tarehe 24 Novemba 2019, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa katika nyumba ya Shangani, Mji Mkongwe, na wageni wanaopenda Queen hufika huko.

Hali ya sasa

Mjadala haujaisha, ila umepoa. Mwaka 2022 Queen walitoa "Face It Alone", wimbo wenye sauti ya Mercury uliobaki kutoka kazi za studio za mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo kwa wakati mmoja bendi ilikuwa na mwimbaji wawili: mmoja katika rekodi, mwingine jukwaani. Ziara ya Rhapsody, iliyoanza 2019 na kukatizwa na janga la UVIKO-19, ilimalizika nchini Japani mwezi Februari 2024.

Nembo ya Queen, aliyoichora Mercury mwenyewe, bado inatumika. Ina simba wawili kwa ajili ya Deacon na Taylor, kaa kwa ajili ya May, na vibwengo wawili wa kike kwa ajili ya Mercury, kwa kufuata nyota zao za kuzaliwa. Hakuna alama iliyoongezwa kwa ajili ya Rodgers wala Lambert.